Blanketi la Mtoto wa Kisaka

Swali lililoninyima usingizi mwaka huu linaonekana la kipuuzi ukilisema kwa sauti: je, mtoto wa Kisaka alikuwepo kweli, au hakuwepo?

Nimeligeuza kila upande. Kama alikuwepo, basi mama yangu alitumia nguvu zake za mwisho kwa mtoto wa mtu mwingine, na mimi nikabaki na makombo. Kama hakuwepo, basi mama alinidanganya huku akiniangalia machoni, safari baada ya safari, na akafa bila kunisahihisha. Nilijaribu kuchagua lipi linauma kidogo, kama mtu anayechagua jino la kung'oa, na sikuweza. Nimemaliza chuo, sina kazi, nalala tena kwenye chumba nilicholala nikiwa mdogo, na muda wa kufikiri ninao mwingi kuliko unavyonifaa.

Lililolirudisha swali hilo ni kaburi. Nyumba yetu iko Kerende, na mgodi umekuwa ukitusogelea tangu nikiwa mtoto. Tulikua tukiushikilia ukuta kila mchana wanapolipua miamba, kisha tunaendelea kula. Safari hii mpaka umepita nyuma ya choo chetu. Watu wa tathmini wamekuja, wameandika nyumba, migomba na zizi, na mmoja wao, kijana mpole aliyeomba radhi kwanza, akaweka alama ya rangi nyekundu kwenye msalaba wa mama. Makaburi yatahamishwa pamoja na sisi.

Baba alituita mimi na mdogo wake, baba mdogo Chacha. Baba ni mwalimu mstaafu. Alitumia maneno yake yote darasani, nyumbani hana mengi.

"Watu aliowahudumia wanamjua hapa," alisema. "Waambieni anahamia wapi. Asije mtu akamkuta hayupo."

Baba mdogo akachukua walio karibu, mimi nikachukua wenye simu. Niliwapigia wengi, na wengi walilia. Nilipofika mwisho nikakaa na simu mkononi. Kulikuwa na mmoja ambaye sikujua jina lake, wala kama ana simu, wala kama aliwahi kuzaliwa.

Mama alikuwa afisa ustawi wa jamii. Alizaliwa Mbinga, kusini huko, kwenye milima ya kahawa, akapangiwa kazi Tarime akiwa msichana, akaolewa hapa. Kikurya chake kilikuwa cha kuokoteza. Watu walimwita Mama Ustawi, na mimi wakaniita mtoto wa Ustawi, kana kwamba Ustawi ni ukoo.

Alikuwa na utaratibu wake wa kazi. Akifika kwenye nyumba yenye shauri hakuanza na maswali, aliomba kazi. Kama wanachambua mboga, anachambua. Kama wanapukuchua mahindi, anavuta kigoda anapukuchua, na jambo lililomleta halitajwi mpaka beseni lianze kujaa. Alisema mtu ukimkalia mbele na kalamu anakujibu kama yuko mahakamani, lakini mkikaa mnatazama mahindi wote wawili, anakujibu kama jirani.

Likizo moja alinichukua mpaka Genkuru, kwa bibi mmoja aliyeitwa Nyangi, ambaye mjukuu wake alikuwa ameachishwa shule ili aolewe. Nakumbuka vumbi jeupe la magunzi kwenye sketi ya mama, na yule bibi akimtazama mikono.

"Mama Ustawi, unapukuchua kama panya. Huko kwenu mnakula na gunzi?"

"Kwetu tulikula ugali wa muhogo, bibi. Mahindi nimejifunzia hapa kwenu."

"Basi ulifundishwa na mvivu. Leta nikuonyeshe." Akalishika hindi, akalisokota kwa kiganja, punje zikamwagika kama mvua kwenye bati.

Mama akajaribu, akaweza kidogo. Wakaenda hivyo kwa muda, kisha mama akasema bila kuinua macho, "Na mjukuu wako, akishakwenda huko kwa mume, nani atamwonyesha mambo kama unavyonionyesha mimi?"

Bibi akaacha kusokota. "Umekuja kwa hilo."

"Nimekuja kwa hilo."

"Nilijua tangu unaegesha pikipiki. Nikasema ngoja kwanza apukuchue."

Wakacheka wote wawili, mpaka bibi akajifuta macho kwa khanga. Halafu wakazungumza kweli, na jua likazunguka nyumba, na mimi nikalala juu ya gunia. Yule mjukuu alirudi shule. Ndiye niliyempigia kwanza kuhusu kaburi. Ana duka la nguo sasa.

Mimi nilielewa kwa namna yangu. Nilipoulizwa darasani mama yangu anafanya kazi gani, nilisema anapukuchua mahindi ya watu. Darasa lilicheka, na kabla ya kengele ya mapumziko baba alikuwa ameshaisikia habari hiyo ofisini kwa walimu.

Kisha zikaanza safari za Kisaka. Kisaka iko wilaya ya Serengeti, ng'ambo ya Mto Mara, si mbali kwa mtu mzima, lakini kwangu ilikuwa mwisho wa dunia. Mama alifunga begi dogo na kuniambia, "Nakwenda Kisaka. Kuna mtoto anaumwa, hana mtu." Nilikuwa nimezoea watoto wa mama. Wengine walilala kwetu, walivaa nguo zangu, walikula sahani yangu ya bluu. Lakini hao walikuja na kuondoka. Huyu wa Kisaka hakuja, yeye alimvuta mama kwenda kwake, tena na tena, na kila aliporudi mama alikuwa amepungua kidogo.

Aliporudi alikuwa na malimao kwenye mfuko wa sweta. Nyumba nzima ilinuka limao. Nilidhani ni zawadi yangu kutoka kwa yule mtoto, nikakasirika. Mtu unamwachia mama yako siku zote hizo, halafu anakutumia kitu kichungu. Mama hakuyakamua kwenye mboga. Alikaa nayo tu mlangoni, akikwaruza ganda kwa ukucha na kulinusa macho ameyafumba. Nilijua anamkumbuka. Harufu hiyo siiwezi mpaka leo. Chuoni wenzangu wakikamua limao kwenye chai mimi nilikuwa natoka nje.

Akaanza kufunga kilemba hata akilala. Nikadhani ameokoka, kwa sababu mama mmoja jirani alipookoka alianza hivyo hivyo. Kucha zake zikawa nyeusi kama za mtu aliyemenya ndizi mbichi. Siku moja bibi Nyangi alituletea mahindi, mama akakaa kupukuchua naye, na punje zikawa zinamponyoka, hindi likadondoka, akaliokota, likadondoka tena. Bibi hakumwita panya. Alisogeza beseni upande wake taratibu, akamaliza yote peke yake. Nilidhani wamegombana.

Kabla ya safari mojawapo mama aliingia chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Naomba uniazime blanketi lako."

"La tausi?" Lilikuwa la kahawia, lenye tausi mwenye mkia wa kijani. Nilikuwa nalo tangu sijui kutembea.

"La tausi. Yule mtoto anasikia baridi sana."

"Kisaka kuna joto. Mwalimu wetu anatoka huko."

"Kweli, kuna joto. Yeye anasikia baridi hivyo hivyo."

"Hana mama?"

Mama alikunja kona ya blanketi, akaikunjua. "Mama yake yuko mbali."

"Atalirudisha?"

"Akipona."

Nikampa. Nililala na khanga kwa majuma mengi, nikimfikiria mtoto huyo chini ya tausi wangu, kwenye joto, akijifanya anatetemeka ili mama asiondoke. Nilimpa sura. Nilimpa sauti ya kudeka. Sijawahi kumfikiria mtu yeyote kwa bidii namna ile.

Mara ya mwisho mama alirudi akiwa ameshikwa mkono na dereva wa ofisi yao. Hakuenda tena kazini. Asubuhi moja aliniita, sauti yake imekuwa ndogo, nikapanda kitandani kwake.

"Sitakwenda tena Kisaka," alisema.

"Mtoto amepona?"

"Ameacha kulia."

Nilifurahi. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe. Nilipiga makofi, nikatoka nikiruka, nikamwambia baba aliyekuwa anakoroga uji jikoni kwamba mama sasa ni wetu. Baba aliendelea kukoroga uji ule mpaka ukaungua.

Alikufa kabla shule hazijafunguliwa. Kwenye maziko mtu alisoma wasifu wa marehemu, akasema alisumbuliwa na saratani kwa muda mrefu. Lilikuwa jina geni kwangu. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo anavyoitwa yule mtoto. Niliangalia kila mtoto aliyesimama karibu na kaburi, nimtambue.

Nilipokua nikaelewa saratani ni nini, na titi, na hospitali ya Mwanza. Hakuna aliyeniketisha kunieleza. Mambo yalinifikia vipande vipande, kutoka kwa shangazi wakiosha vyombo. Lakini Kisaka hakuna aliyeitaja, na mimi sikuuliza. Niliogopa jibu lolote kati ya yale mawili. Niliyaficha hayo chini ya masomo, chini ya mitihani, na nikiwa kwenye ukumbi wa mahafali, nimevaa joho la kukodi, bado nilikuwa nahesabu vichwa vya watu nikiwaza mmoja wao ana blanketi langu.

Basi baada ya kupiga simu zote nilimfuata baba zizini. Alikuwa anamfunga ndama.

"Baba, mtoto wa Kisaka alikuwepo?"

Hakugeuka. Alikaza kamba, akaijaribu, akaikaza tena.

"Kuna nesi," alisema. "Anjela. Alikuwa zahanati ya huko, sasa amestaafu. Kwao ni Mbinga pia, walikuwa wanasikilizana lugha. Mama yako alikuwa anapita kwake akitoka Mwanza."

"Kufanya nini?"

"Alinikataza kumfuata kule. Nikatii." Akanitazama. "Kamuulize wewe. Mimi nimeshindwa miaka yote."

Nilikaa na jibu hilo siku kadhaa. Nikienda na mtoto yupo, nitamsalimiaje? Nikienda hayupo, nitarudi na nini? Je, nesi akiwa amesahau? Je, akiwa hakusahau? Nilipanga maneno, nikayapangua. Mwishowe kilichonitoa ni kwamba tarehe ya kufukua ilikuwa imetajwa, na nilishindwa kuvumilia wazo la kusimama pale nikiwa bado sijui ninamzika mama yupi kwa mara ya pili. Nikapanda bodaboda.

Nesi Anjela anaishi nyuma ya zahanati, nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma. Kabla sijamwona yeye niliuona mti. Mlimao, umeinama kwa uzito, malimao mengine yameoza chini. Nikasimama pale. Yeye akatoka, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinikagua. "Wewe ni wa Mama Ustawi. Mdomo ni ule ule. Ingia ndani, mbona unausimamia mti kama unataka kuununua?"

Alinipa maji, kisha chai, kisha akasubiri. Ujinga wangu wote wa kupanga maneno ukaisha, nikauliza kama nilivyomuuliza baba.

"Mtoto yupi?" alisema.

"Aliyekuwa anaumwa. Aliyekuwa anasikia baridi. Mama alikuja kumwuguza."

Nesi alivua miwani. Kuku walikuwa wakiparua chini ya dirisha.

"Hapakuwa na mtoto, mwanangu. Alikuwa analala hapa yeye."

Akanieleza. Akitoka kuchomwa zile dawa Mwanza mama hakuweza kuja nyumbani moja kwa moja. Alitapika, alitetemeka, hakuweza kushika kikombe. Aliteremka njiani akaja Kisaka, akalala kwenye chumba kile pale chenye pazia. Malimao yalikuwa ya kunusa, ya kuzuia kichefuchefu. Akipata nafuu aliomba mahindi ya kupukuchua, ili vidole vizoee tena kabla sijaviona. Akitaka kuondoka alitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye mlimao na kurudi, na kumuuliza Anjela, "Bado nachechemea?" Akijibiwa ndiyo, alilala siku nyingine.

"Nilimgombeza," alisema. "Nilimwambia, mwenzangu, mtoto huyo akuone tu, watoto wanaelewa. Akasema, wa kwangu anafikiri sana. Akinitazama mara moja hatalala tena."

Sikujua kwamba nilijulikana hivyo tangu wakati ule.

Alikwenda chumbani, akafungua sanduku la bati, akarudi na blanketi. Mkia wa tausi ulikuwa umepauka, ukingo mmoja umeshonwa kwa uzi mweupe. Niliushindilia uso wangu mle ndani, nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo. Kulikuwa na harufu ya dawa ya nondo. Nilijaribu tena, kona hii na ile. Dawa ya nondo tu.

"Mbona hukulileta?"

"Alisema alikuahidi litarudi mtoto akipona. Ningelileta baada ya maziko ungeuliza, na ungejua." Akakaa, akashika magoti yake. "Mimi nilikuwa na mablanketi, ya zahanati, mazito, mazuri. Hakuyataka. Akafunga safari mpaka kwenu kukuomba hilo."

Watu wataniambia nilipaswa kufarijika. Sikufarijika. Nimeambiwa kwamba mama yangu aliteseka nyuma ya pazia, kwa saa chache tu kutoka kitandani kwangu, akijifunza kutembea ili mimi nisijue, na mimi nikautumia muda huo wote kumchukia mtoto aliyekuwa yeye. Ningemshikia beseni. Ningemkwaruzia malimao. Hata mtoto anaweza kukwaruza limao. Alinilinda, na kwa kunilinda alininyima kumwuguza, na hakuna ofisi duniani ninayoweza kwenda kudai siku zile. Swali langu lilikuwa limejibiwa na nilitamani nirudishiwe.

Nyumbani nililiweka blanketi chini ya mto. Kisha nikalitoa. Kisha nikalirudisha. Ndicho kitu pekee kilichomgusa mwishoni, nikawaza, nikikiachia nitabaki na nini? Na nikikishika, kwa harufu ya nondo, nitakuwa nimeshika nini? Baba aliniona nalo kifuani, akaona tausi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakaa chini kwenye vumbi bila kutafuta kigoda. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bado nachechemea," akirudia maneno ya mama, taratibu, kama mtu anayeonja chakula asichokijua. Akarudia tena. Nikaingia ndani nimwache.

Siku ya kufukua ilikuwa ya mawingu. Bwana afya alikuwepo na glavu zake, mchungaji, vijana wawili wa kuchimba, baba mdogo Chacha akiwaelekeza, "Polepole, mura, hapo polepole." Bibi Nyangi, ambaye sasa haoni vizuri, aliletwa akaketishwa pembeni. Yule mjukuu wake wa dukani alimshika bega. Baba alikuwa amenunua kitambaa cheupe cha kumfungia, kimekunjwa juu ya kisanduku kipya.

Nilikuwa nimeapa nisitazame. Nilitazama. Alikuwa mdogo sana. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba atakuwa mdogo hivyo, kwamba ungeweza kumbeba kwa mikono miwili kama mtoto anayetolewa kwenye maji ya kuoga.

Bwana afya alipokunjua kile kitambaa nikatoka nyuma na blanketi.

"Subiri," nilisema. "Kwanza hili."

Baba mdogo akanishika kiwiko. "Mwanangu, hilo ni blanketi la mtoto. Tumenunua sanda mpya. Watu watasema tumemzika mwenzetu na matambara."

"Waseme."

"Mwalimu," akamgeukia baba, "zungumza na huyu."

Baba alikuwa anaangalia ndani ya kisanduku. "Mpisheni," alisema.

Bwana afya alilipokea kwa mikono yake miwili yenye glavu. Alikuwa kijana kama mimi, mgeni, pengine kutoka mkoa wa mbali kama mama. Alilitazama, akanitazama, akataka tu kujua afanye nini. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, nilitandike chini yake au nimfunike?"

"Mfunike," nilimwambia. "Anasikia baridi sana."